Kijiji Kilichofaulu Hatari

Nchi yenyewe sitaitaja. Haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na mimi si mtu wa kubishana na ramani. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa karani wa mihtasari katika Wizara yake ya Gesi na Maendeleo ya Gesi kwa miaka kumi na tisa, na kwamba yote ninayoyaeleza hapa niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, yakasomwa, yakathibitishwa, yakapigwa muhuri. Atakayesema ni uongo aende akabishane na muhuri.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Kitwana Mabruki. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa Waziri wa Elimu, na kabla ya hapo mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nadhani moyoni hakuwahi kuhama huko. Alitembea na kalamu nyekundu mfukoni. Barua ikimfikia aliisahihisha kwanza, ndipo akaijibu, na mabalozi wawili wa nchi za nje walirudishiwa salamu zao za pongezi zikiwa na maneno "Jitahidi zaidi" pembeni. Alipoingia ofisini asubuhi tulisimama bila kuambiwa, naye alituambia tukae. Tulimpenda. Ni raha kufanya kazi chini ya mtu ambaye unajua kabisa atakosea wapi.

Mwaka huo serikali ilikuwa inamalizia bomba la gesi, kilomita tisini, kutoka visimani hadi kwenye majiko ya mji mkuu. Katika michoro, bomba lilifukiwa mita mbili chini ya ardhi, mwanzo hadi mwisho. Lakini karibu na kilomita ya hamsini na nane mkandarasi alikutana na mwamba. Akauheshimu. Akalipitisha bomba juu yake, likabaki nusu mita tu chini ya udongo, akaendelea na safari yake.

Juu ya hiyo nusu mita kuna kijiji kinaitwa Tanurini. Watu wake wanachoma matofali. Hawana kazi nyingine na hawajawahi kuitafuta. Tanuri moja linawashwa Jumatatu, na kabla halijapoa, Ijumaa linawashwa la pili, kwa hiyo moto hapo hauzimiki, na kila mtu mzima ana jembe la kuchimbia udongo. Moto, majembe, na bomba la gesi katikati. Mimi sisemi kitu. Kufikiri hakukuwa kazi yangu.

Kazi hiyo ilikuwa ya Mhandisi Zawena Mtengule. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye viatu vyenye vumbi siku zote, jambo ambalo wizarani lilimfanya aonekane kama mgeni. Aliagizwa afanye tathmini ya hatari, ili ijulikane ni sehemu gani ya bomba iwekewe ulinzi gani. Akaligawa bomba sehemu sita. Akatembea kilomita zote tisini kwa miguu. Kila sehemu akaipa alama mbili: moja hadi tano kwa uwezekano wa bomba kutoboka, na moja hadi tano kwa madhara yatakayotokea likitoboka. Kisha akazizidisha. Sehemu yenye alama nyingi ndiyo yenye hatari nyingi, na ndiyo ipate ulinzi mkubwa. Aliniambia hata mtoto angeelewa. Kosa lake lilikuwa hapo, kwa sababu ripoti haikupelekwa kwa mtoto.

Ulinzi mkubwa wenyewe ulikuwa koki ya kujifunga. Ni mashine inayokaa juu ya bomba, inasikiliza msukumo wa gesi, na msukumo ukishuka ghafla inajifunga yenyewe kabla mtu hajakimbilia simu. Ilikuwa moja tu. Wizara ilikuwa imeagiza nyingine, lakini wakati huohuo ilikuwa imeagiza mahema ya uzinduzi, na mahema yalitangulia kufika. Baada ya koki zilikuwepo pua za mtambo za kunusa gesi, halafu uzio, na mwisho nguzo za njano zenye maandishi.

"Koki ikienda pengine isipokuwa Tanurini," Zawena aliniambia siku anakabidhi ripoti, "siku bomba likipigwa jembe hakitabaki kitu cha kuandikia mihtasari. Watu mia tatu na kumi na wawili, ndugu yangu. Nimewahesabu mwenyewe. Wamenipa na uji."

Nikampigia ripoti muhuri wa kupokelewa.

*

Kikao cha uamuzi kilifanyika Jumanne. Mheshimiwa aliifungua ripoti ukurasa wa mwisho, kama alivyozoea kufungua madaftari, akalikuta jedwali. Akavaa miwani. Uso wake ulilainika nikaona ameguswa.

"Tanurini," alisoma. "Uwezekano, tano kwa tano. Madhara, tano kwa tano. Jumla, ishirini na tano kati ya ishirini na tano." Akatutazama mmoja mmoja. "Hawajakosa hata moja?"

"Hata moja, Mheshimiwa," Zawena alijibu, akidhani ameeleweka.

"Kijiji cha wachoma matofali."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimependekeza..."

"Na hawa wa mwisho, Pori la Nyati. Mbili kati ya ishirini na tano." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mwalimu halisi. "Mbili. Hapo wazazi wako wapi?"

Pori la Nyati ni kilomita kumi na nne za vichaka. Hakuna mtu. Hata nyati wenyewe walihama zamani, wamebaki swala na ngiri wachache. Zawena alilieleza hilo vizuri sana, na Mheshimiwa alimsikiliza vizuri sana, kisha akasema mazingira magumu si kisingizio.

"Mheshimiwa, hizo si alama za kufaulu," Zawena alisema. "Ni alama za hatari. Aliyepata nyingi ndiye aliye pabaya."

"Binti, nimesahihisha mitihani miaka ishirini na mbili. Alama ni alama." Akaichukua kalamu nyekundu akaanza kupanga nafasi pembeni mwa jedwali: wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa sita. "Mwalimu mzuri hampi masomo ya ziada anayeongoza darasa. Anampa anayeburuta mkia. Koki iende Pori la Nyati. Na pua za kunusia. Na uzio, na kipaza sauti cha kuwatahadharisha wananchi."

"Hakuna wananchi."

"Wakija wakute kipaza sauti." Akaandika. "Tanurini wapewe kombe, cheti, na fulana. Mtu akifanya vizuri aambiwe."

Kisha akasaini. Katika nchi ile saini ya Waziri ni kama yai lililokwisha kuvunjwa, hakuna wa kulirudisha. Zawena alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo. Nilimwonea huruma, lakini katika mhtasari niliandika: "Mhandisi aliafiki kwa ukimya."

*

Sherehe ya kumkabidhi koki mlengwa wake ilifana. Tulipeleka mahema mawili porini. Wimbo wa taifa ulipigwa, swala wanne wakatazama kwa mbali wakiwa wamesimama wima, na Mheshimiwa akataja jambo hilo kama mfano wa uzalendo. Kipaza sauti kilijaribiwa. Kilisema "Wananchi, tulieni, ondokeni kwa utaratibu," na wananchi wakaondoka bila utaratibu wowote, kila mmoja kichaka chake.

Siku ya pili tulikuwa Tanurini na kombe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Bi Nyamizi, mama wa makamo mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kwa udongo. Alilipokea kombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akaliangalia ndani kama anayetafuta kitu.

"Ahsante, Mheshimiwa. Tumefaulu nini?"

"Hatari, mama. Mmeongoza nchi nzima."

"Na zawadi ya kuongoza ndiyo hii?"

"Na fulana."

Fulana zilikuwa za manjano, zimeandikwa kifuani TANURINI HATARI SANA. Vijana walizigombania, maana kwa vijana neno hilo ni sifa, na hadi leo sina hakika Mheshimiwa alikuwa amelielewa kwa maana ipi. Bi Nyamizi hakuvaa ya kwake. Alimvuta Zawena pembeni, nyuma ya rundo la matofali mabichi, nami nikawafuata kwa sababu mihtasari haijiandiki.

"Mwanangu, niambie kweli. Hilo bomba likitoboka, sisi tunakwenda wapi?"

"Hamwendi popote, mama," Zawena alisema, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya cheti. "Hamtapata nafasi ya kwenda."

Bi Nyamizi alimpangusa kwa ncha ya khanga. Udongo ukambakia shavuni. Alimwambia asilie, akamuuliza gesi yenyewe inafunguliwa lini, akaambiwa bado wiki tano.

*

Kabla ya kutia gesi, bomba hujaribiwa kwa hewa. Mafundi walilijaza hewa, wakakuta kwamba Tanurini, kwenye kiungo kimoja, hewa inatoka. Zawena akakimbilia wizarani akaandika taarifa ya mstari mmoja, kwa matumaini kwamba mstari mmoja hauwezi kusomwa vibaya. Aliandika: "Kuvuja kumebainika Tanurini."

Mheshimiwa aliusoma mstari ule mara tatu. Kisha akaketi taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba aliokuwa akiutarajia.

"Nilijua," alisema. "Moyo wangu uliniambia. Wachoma matofali, kijiji kizima, ishirini na tano kwa ishirini na tano? Mtihani umevuja."

Hapa niwaombe wasomaji wamwelewe Mheshimiwa. Mtu aliyefanya kazi ya shule maisha yake yote, neno kuvuja kwake lina maana moja. Bomba la shuleni kwake lilikuwa halina maji, lingevuja nini?

Zawena alifungua mdomo kumsahihisha. Nilimwona. Halafu akaufunga, na macho yake yakawa kama ya mtu anayezidisha namba kichwani. Mtihani ukivuja, matokeo hufutwa. Matokeo yakifutwa, alama ni sifuri. Na sifuri ni chini ya mbili.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema polepole. "Kuna kuvuja. Nashauri uende ukajionee."

Tume ya Kuchunguza Uvujaji iliundwa palepale. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa, wajumbe walikuwa Mheshimiwa na kalamu yake, karani nilikuwa mimi. Zawena aliondoka muda usiozidi robo saa baadaye kwa pikipiki ya mafundi, akatutangulia Tanurini. Aliyomwambia Bi Nyamizi nilikuja kuyajua baadaye. Alimwambia: "Mama, kesho atawauliza kama umevuja. Msikatae. Ila angalia, mseme *umevuja*. Msiseme *limevuja*. Mkisema limevuja ni bomba, atawaambia mwite fundi, na koki itabaki kwa swala. Mkisema umevuja ni mtihani. Silabi moja tu, mama, na kijiji kimepona."

Bi Nyamizi alikaa usiku kucha, nasikia, akiwafundisha wazee sarufi.

*

Tume ilikaa chini ya turubai la kukaushia matofali. Mheshimiwa aliuliza, Bi Nyamizi akajibu, mimi nikaandika. Nina nakala.

"Ni kweli umevuja?"

"Umevuja, Mheshimiwa. Tena sana."

"Uliuona lini kwa mara ya kwanza?"

"Jumamosi, walipoleta hewa yao. Tulisikia mluzi."

"Mluzi," Mheshimiwa alirudia, akanitazama. "Andika. Walikuwa na ishara." Akamgeukia tena. "Nani aliupata kwanza?"

"Mbuzi wa mzee Kaswaka. Alinusa akakimbia."

"Jina la bandia," Mheshimiwa alininong'oneza. "Hawa wana mtandao. Je, baada ya huyo Mbuzi kuupata, mliugawana vipi?"

"Haugawanyiki, Mheshimiwa. Ukivuja umemfikia kila mtu. Hata watoto shuleni waliupata."

Mheshimiwa alivua miwani, akaipangusa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya baba. "Mama Nyamizi. Kijiji chako kilikuwa nyota. Nimekitaja mbele ya Baraza zima. Kwa nini mlikubali?"

Naye Bi Nyamizi, ambaye hadi hapo alikuwa amejibu kama mtu anayetembea juu ya vigae vibichi, akaghafilika. Alimwangalia mzee yule na kwa kweli akataka kumweleza. "Mheshimiwa, hatukukubali sisi. Walikuja na mitambo, wakachimba, wakalifukia juujuu, na sasa limev..."

Akajikatiza. Zawena, aliyekuwa amesimama nyuma ya turubai, alifumba macho. Mheshimiwa alinigeukia mimi, kwa kuwa sikio lake la kulia halikuwa zima.

"Amesema nini, karani? Limevuja au umevuja?"

Miaka kumi na tisa nilikuwa naandika ninachokisikia. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu, na kusema kweli sikuwa na nyingine. Nilimwangalia Bi Nyamizi. Hakuniomba kitu. Nyuma yake tanuri la Ijumaa lilikuwa linatoa moshi, na watoto watatu wamelala tumbo juu ya tuta la bomba wakiisikiliza hewa inavyopiga mluzi, wanacheka.

"Umevuja, Mheshimiwa," nilisema, nikaandika hivyo. Herufi yenyewe ilitoka nzuri.

*

Hukumu ilisomwa papo hapo. Matokeo ya Tanurini yalifutwa. Kombe lilirudishwa, cheti kikachanwa, na fulana zikakusanywa, ingawa nane hazijaonekana mpaka leo. Alama za kijiji: sifuri. Nafasi: ya saba kati ya sita. Kwa sababu hiyo, na kwa masikitiko makubwa, serikali iliona haina budi kukipa kijiji hicho kizito masomo ya ziada, yaani koki ya kujifunga ing'olewe Pori la Nyati iletwe Tanurini, pamoja na pua za kunusia. Kipaza sauti kilibaki porini, kwa kuwa swala walikwisha kukizoea.

Mafundi walipokuja kuifunga koki walikuta kiungo kibovu, wakakibadilisha, maana huwezi kufunga kitu juu ya kitu kinachovuja. Jambo hilo halimo katika mhtasari wowote. Lilifanyika tu.

Lakini mtihani hauvuji bila mvujishaji. Mheshimiwa alitaka jina, na Zawena akatoa la kwake. Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo kwa barua yenye masahihisho mekundu. Nilimsindikiza hadi getini, nimembebea sanduku la vitabu vyake. Nilimwambia pole. Aliniuliza koki imefungwa upande gani wa kijiji, wa juu au wa chini. Nikamwambia wa juu, gesi inakotokea. "Basi," akasema, "nipe hilo sanduku." Wiki moja baadaye nilisikia amehamia Tanurini, anajifunza kuchoma matofali.

*

Gesi ilifunguliwa. Mji mkuu ukapika. Miezi mitatu ilipita bila neno, mpaka wizara ilipokumbuka kwamba uzinduzi ule haukuwa na mnara wa kumbukumbu. Ukachaguliwa uwanja wa wazi wa Tanurini, mahali pazuri, tambarare, penye tuta refu lililonyooka. Katapila likapelekwa kuchimba msingi. Dereva alishusha ndoo yake saa mbili asubuhi, na kwa mara ya kwanza serikali ililigusa bomba lake kwa mkono wake mwenyewe.

Waliokuwepo wanasema mlio ulikuwa kama wa dunia inayovuta pumzi. Dereva aliruka akaacha katapila. Hatua arobaini kutoka hapo tanuri lilikuwa linawaka. Halafu, kabla hata Bi Nyamizi hajamaliza kupiga ukelele wa kuwaita watu, kikasikika kishindo kimoja kizito cha chuma upande wa juu. Koki imejifunga. Mlio ukapungua, ukawa mluzi, ukawa pumzi, ukaisha. Watu walikuwa wamekwisha kukimbilia upande upepo unakotoka, kama Zawena alivyowazoesha kila Jumapili baada ya ibada. Tanuri lilizibwa mdomo kwa udongo. Hakuna aliyeungua hata unywele.

Mji mkuu, gesi ilikatika. Mheshimiwa alikuwa mezani anangoja chapati.

Tulifika Tanurini saa tano, magari tisa. Alikuwa na njaa, na nilikuwa nimemletea Fomu ya Matukio. Alikagua shimo, akakagua katapila, akakagua watu waliosimama mstari, wazima, wenye vumbi.

"Ni nini kimetokea hapa?"

"Bomba lilitobolewa, Mheshimiwa," Bi Nyamizi alisema. "Koki ikajifunga."

"Nani ameumia?"

"Hakuna."

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mungu ni mwema."

"Kwa hiyo hakuna kilichotokea." Akanielekeza kidole kwenye fomu. Ni kweli, ile fomu ilikuwa na nafasi ya idadi ya marehemu, na maelekezo chini yake yalisema isiachwe wazi wala isijazwe sifuri. "Mji mkuu mzima umekaa njaa kwa kitu ambacho hakikutokea. Koki hii ni ya uchochezi. Inafunga bila sababu. Ing'olewe leo."

"Mheshimiwa, sababu ilikuwepo," alisema mwanamke mmoja mwembamba kutoka kwenye mstari, ana udongo hadi viwikoni. Mheshimiwa hakumtambua. "Bila koki, hawa wote wangekufa."

"Wangekufa si takwimu. Mimi nikiulizwa juu, nitaonyesha nini? Leteni ushahidi kwamba palikuwa na hatari. Maiti ziko wapi?"

Bi Nyamizi alilitazama shimo. "Tusamehe, Mheshimiwa. Hatukujua zinahitajika." Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, ya kuuliza bei ya kuni: "Zikionekana, koki itabaki?"

"Kwenye maiti serikali haina mjadala, mama."

Akatoka mstarini. Akaenda hadi ukingoni mwa shimo, akatandika khanga moja, akajilaza chali, akanyoosha miguu, akajifunika uso kwa khanga ya pili. Zawena alimfuata akalala kando yake. Halafu mzee Kaswaka, akishikwa mkono kwa sababu ya magoti. Halafu wote. Walijipanga safu kwa safu, kama wanavyopanga matofali ya kukausha, wanawake, wanaume, watoto wa shule na mwalimu wao. Ilichukua kama dakika kumi, na hakuna aliyesema neno, isipokuwa mama mmoja aliyemwambia mwanawe aache kujikuna.

Nilidhani Mheshimiwa atapiga kelele. Badala yake nilimwona anabadilika. Hakuwa mtu mbaya, nimekwisha kusema, alikuwa mtu wa mazoea, na lile lilikuwa jambo analolifahamu. Mkono wake ulipanda wenyewe ukavua kofia. Msaidizi wake alikimbilia garini akarudi na hotuba ya rambirambi, inayokaa humo wakati wote, ina nafasi tu ya jina la mahali.

"Ndugu zangu wa Tanurini," Mheshimiwa alisoma. Miezi yote ile hakuwahi kuwaita hivyo. "Taifa limepoteza nguvu kazi. Tumepoteza akina mama shupavu. Tumepoteza wazee wenye busara." Mzee Kaswaka alikohoa, naye Mheshimiwa akasubiri kwa heshima mpaka kikohozi kikaisha. "Tumepoteza wataalamu ambao hatukuwathamini walipokuwa nasi." Aliinama karibu na Bi Nyamizi. "Waliteseka?"

"Hapana, Mheshimiwa," Bi Nyamizi alisema chini ya khanga. "Lilikuwa jambo la haraka."

Alifarijika sana. Alilia machozi ya kweli, niliyaona, na akatamka mbele yangu, nikaandika, kwamba koki ile isiguswe na mtu yeyote kwa muda wote ambao bomba litakuwepo, na kwamba nyingine tano zitafutwe popote zilipo zifungwe sehemu zote zenye watu, ili msiba wa namna hii usitokee tena. Akasaini kwa kalamu nyekundu juu ya boneti la gari. Mimi nilipita katikati ya safu nikihesabu, kisha nikajaza fomu: mia tatu na kumi na watatu, pamoja na Zawena. Fomu ikajaa vizuri.

Magari yakaanza kuwashwa, moja baada ya moja. Nilikuwa nakimbilia la mwisho nilipomwona mtoto mmoja wa safu ya tatu ameinua kichwa, anachungulia.

"Tayari, bibi?"

"Bado," Bi Nyamizi alisema, uso ukiwa umefunikwa. "Lala. Hawajaondoka."